Reli ya Vita, Voi Mpaka Taveta: Niliyoyasoma Nikiwa Genge

Kazi yangu ya ujana ilikuwa genge la reli, yaani kikundi cha watu wa kutunza njia, tawi la Voi kwenda Taveta huku Kenya, na hii njia nataka niiandike kwasababu naona watu wanaijua kama reli ya mkonge tu, ile iliyokufa, na vijana wengine hata hawajui ilikuweko. Hii reli haikujengwa kwa ajili ya mkonge wala abiria. Ilijengwa na wanajeshi, 1915 na 1916, Waingereza na Wajerumani wakipigana huku kwetu, na waliokuwa wanaisogeza mbele walikuwa wanafanya kazi huku askari wamelala porini wanawalinda. Sikuwepo, lakini miaka mingi nimeishika kwa mikono, nimeinyanyua kwa jeki, nimekaza bolti zake, nimerudisha udongo pale mvua ilipoubeba, na ukikaa sana na kitu ambacho mtu alikijenga kwa haraka unaanza kumjua huyo mtu. Unajua alikuwa na nini mkononi, alikosa nini, na alikuwa anakimbizana na nini.

Aliyenifungua macho ni nyapara wetu wa kwanza, mzee wa Kitaita mwenye sauti ndogo sana kwa mtu wa kazi ile. Nilimuuliza siku moja mbona reli inapinda hapa na mbele hakuna mlima wala korongo, kwanini wasingenyoosha tu. Akanipeleka kwa miguu hatua kama mia pembeni, akanionyesha kichuguu cha mwamba kimejificha kwenye vichaka, akasema hapo wangepasua jiwe wiki nzima, wakapinda, wakaendelea, sababu kulikuwa na vita. Tangu siku hiyo sikuitembea ile njia kama zamani, kila kona nikawa naiuliza wewe uliwekwa hapa kwanini.

Sasa turudi nyuma kidogo, maana bila kujua vita yenyewe hii reli haieleweki. Agosti 1914 vita ilipoanza Wajerumani, ambao ndo walikuwa wanatawala Tanganyika, walivuka mpaka wakaichukua Taveta. Novemba 1914 Waingereza wakaleta jeshi kutoka India wakajaribu kuingia Tanga kwa baharini, wakapigwa vibaya, wakarudi kwenye meli. Baada ya pale ikaonekana wazi njia ya kuingia upande wa Mjerumani ni nchi kavu, na ukiangalia ramani kuna mlango mmoja tu wa maana, ule uwazi ulioko kati ya Kilimanjaro na milima ya Upare, na Taveta ndo imekaa mlangoni. Upande wa pili wa mlango Mjerumani ana reli yake ya Usambara, inatoka Tanga inafika Moshi, ilikamilika kabla ya vita. Upande wa huku Mwingereza ana Uganda Railway, njia kuu inayotoka Mombasa kwenda bara, inapita Voi. Katikati hapo, kutoka Voi mpaka Taveta, kama kilomita 110 za nyika kavu.

Na hapo ndo watu wanashindwa kuelewa, wanauliza si wangetembea tu, kilomita 110 ni nini. Piga hesabu. Mpagazi mmoja anabeba kilo 25 hivi kichwani, na yeye mwenyewe anakula karibu kilo moja ya unga kwa siku, akienda Taveta na kurudi Voi ni siku kumi na zaidi, kwahiyo karibu nusu ya mzigo anaula mwenyewe njiani, hapo hujamhesabia maji. Ukitaka kulisha askari elfu chache pale mbele unahitaji bahari ya watu nyuma yao, na hao watu wote wanahitaji kula na kunywa mahali ambapo hakuna mto. Ng'ombe na nyumbu wa kukokota? Mbung'o wanawamaliza. Magari yalikuwa machache na barabara hakuna. Kwahiyo bila reli lile jeshi lisingeweza hata kusimama Maktau, katikati ya njia hiyo, achilia mbali kupigana.

Kazi ikaanza mwanzoni mwa 1915. Mafundi wenyewe walikuwa kampuni mbili za reli za jeshi la India, ya 25 na ya 26, za wale wahandisi wa jeshi waitwao Sappers and Miners, na aliyekuwa anasimamia mambo ya reli ni Sir William Johns, mtu wa reli za India. Chini yao vibarua, Wahindi na Waafrika, wengi sana. Juni 1915 kichwa cha reli, yaani ncha ya njia iliyolazwa, kikawa kimefika Maktau, zaidi ya nusu ya safari. Sisi ambao tumeinyanyua ile njia kipande kwa kipande, tena wakati wa amani, tuna maji na tuna chai, tunajua hiyo ni kazi ya kutisha.

Niseme kwanini ni ya kutisha maana mtu akisikia kulaza reli anadhani ni kupanga vyuma tu. Njia kuu ya Uganda Railway ilijengwa kwa reli za ratili 50 kwa yadi, ukigeuza hiyo ni kama tani 50 za chuma kwa kila kilomita, hapo bado mataruma, yale yanayolazwa chini kubeba reli, bado bolti na vipande vya kuungia. Na mzigo wote huo hauji kwa njia nyingine, unakuja juu ya reli hiyohiyo uliyoilaza jana. Treni ya vifaa inasukumwa mpaka ncha, watu wanashusha, wanabeba mabegani, wanalaza, wanakaza, treni inasogea urefu wa reli walizolaza, wanashusha tena. Njia ni moja tu. Treni ya vifaa ikiwa mbele, treni ya chakula cha askari inasubiri nyuma, na treni ya maji nayo inasubiri, na kila mmoja ana haraka yake. Kadiri unavyosonga mbele ndivyo treni inavyochukua muda mrefu kwenda na kurudi, kwahiyo ukitaka uendelee na mwendo uleule inabidi uongeze injini na mabehewa, uongeze na vituo vya kupishana, na kila kituo cha kupishana kinakula reli ambazo ungezilaza mbele. Nimewahi kuona wakubwa wa ofisini wanapanga kazi ya njia kwa kuhesabu watu tu, ukiongeza watu mara mbili kazi itaisha nusu ya muda, na nilikuwa nawaambia kinachoamua ni ile njia moja ya nyuma yetu, hata mkileta watu elfu wote watakaa kivulini wanangoja behewa.

Ndo maana wahandisi wa vita hawakujenga kama wa amani. Mtu wa amani anakata mlima, anajaza bonde, anajenga daraja la mawe, anamwaga kokoto vizuri ndo aanze kupitisha treni. Wale walifuata ardhi ilivyo. Penye mteremko waliteremka, penye kilima walizunguka, penye mkondo mkavu mara nyingi walishuka nao chini wakapanda upande wa pili badala ya kujenga daraja. Udongo unasawazishwa kidogo, mataruma yanalazwa, reli juu, treni ya kwanza inapita kwa mwendo wa mtu anayetembea, halafu genge la nyuma ndo linakuja kunyanyua na kushindilia wakati treni tayari zinapita. Kwa haraka waliyokuwa nayo, walifanya sawasawa kabisa na mimi nawatetea kwa yeyote. Lakini deni lilibaki ardhini, na sisi ndo tulikuja kulilipa. Kila masika tulijua ni wapi maji yatapita juu ya njia, ni palepale kila mwaka, na ukichimba unakuta hakuna kalvati pale, au kuna bomba dogo halitoshi, yule aliyejenga alipita hapo msimu wa kiangazi akaona mchanga mkavu akasema twende, na kwa vita yake mkondo ule haukuwa na maana. Udongo mwekundu wa upande wa Voi unalika haraka sana, mvua ya usiku mmoja inakuachia reli zinaning'inia hewani na mataruma yake.

Nilijifunza hapo jambo moja ambalo limenisaidia kila kazi niliyoifanya baadaye, kwamba kabla hujasema kazi ya mtu ni mbovu, uliza alipewa muda gani na ilitakiwa iishi miaka mingapi. Ile njia walihitaji iishi mpaka vita imalizike. Iliishi zaidi ya hapo sana.

Sasa maji. Hapa nitakaa kidogo kwasababu naamini hii ndo habari yenyewe, na ukisoma masimulizi ya vita wanaandika mizinga na majenerali, maji wanayapitia tu. Kutoka Voi unapanda, unapita Mwatate, unafika Bura chini ya milima ya Taita, hapo kuna vijito vinashuka kutoka juu. Ukishaiacha Bura, basi. Maktau kavu. Mbuyuni kavu. Ile tambarare inaitwa Serengeti, sio ile ya nyumbu, hii ya huku kwetu, kavu. Maji ya kuaminika unayakuta tena mto Lumi, Taveta, na pale walikuwa wamekaa Wajerumani. Yaani Mjerumani alikuwa amekalia kisima na Mwingereza amekalia jua.

Injini ya mvuke nayo inakunywa. Hii watu wa sasa wamezoea dizeli hawaifikirii. Injini inayopanda kutoka Voi inakunywa maji mengi kuliko kikosi kizima cha askari, kwahiyo reli iliyokuja kuleta maji na yenyewe ilikuwa inadai maji. Wahandisi wakashusha bomba kutoka milima ya Bura mpaka Maktau, na bomba halikutosha kwa watu wale wote na wanyama wao, kwahiyo matangi yakapakiwa kwenye mabehewa, treni za maji zikawa zinapanda kila siku pamoja na za chakula na za risasi. Ukifikiria vizuri utaona kwamba waliojenga lile bomba waliamua ni askari wangapi wataweza kukaa mbele, sio jenerali. Jenerali angeweza kutaka watu elfu ishirini, bomba likasema hapana.

Sisi genge tulikuwa tunapewa maji kwa tangi la behewa vilevile, linaachwa kwenye njia ya pembeni karibu na kambi, na likichelewa ndo unaona tabia za watu. Wanaume wakubwa wanaacha kuongea. Kazi inasimama yenyewe bila mtu kutoa amri. Siku kama hizo nilikuwa nawaza wale wa 1915, kazi yao ilikuwa nzito kuliko yetu na jua lilikuwa hilihili, halafu wana mtu porini anatafuta kuwapiga risasi.

Maana walipigwa kweli. Julai 1915 Waingereza walijaribu kuichukua Mbuyuni wakashindwa wakarudi Maktau. Mwezi huohuo Wajerumani wakauchukua mlima Kasigau, upo kusini ya Voi, wakakaa huko miezi kadhaa, na kutoka huko vikundi vyao vidogo vilikuwa vinavuka nyika usiku kuja kutega mabomu kwenye reli, njia kuu na hili tawi pia. Hata wao nyika haikuwahurumia, vikundi vingine vilipotea vikaisha kwa kiu kabla ya kuiona reli. Lakini vilivyofika vililipua kweli, injini ziliangushwa, madaraja yaliharibiwa. Waingereza wakaanza kufunga mabehewa yaliyojazwa mchanga mbele ya injini ili bomu likilipuka lile behewa ndo life, injini ipone. Na Septemba 1915 kulikuwa na mapigano karibu na Maktau ambayo Wilbur Dartnell alikufa, yule afisa aliyepewa Victoria Cross, nishani ya juu ya ushujaa ya Waingereza, kwa kukataa kuwaacha majeruhi wake, kaburi lake lipo Voi.

Halafu bomu likilipuka nani anakwenda kutengeneza? Genge. Nataka msomaji aone hili. Askari anapigana siku ya mapigano, genge la reli linaenda palepale penye hatari kila linapoitwa, mikono imeshika mtaimbo na spana, mgongo umeinama, huwezi hata kutazama porini. Mimi nimefanya kazi ile ile wakati hatari yangu kubwa ilikuwa ndovu na nyati, tawi lile linapakana na mbuga ya Tsavo, na hata hapo nilikuwa naweka mtu mmoja asimame tu atazame, asishike chombo chochote. Bwana mmoja alikuja kutukagua akauliza huyu mbona hafanyi kazi. Nikamwambia huyo ndo anafanya kazi kuliko sisi wote. Nyapara wetu yule wa kwanza ndiye aliyetufundisha hiyo, na yeye alisema ni desturi ya tangu zamani sana ya njia hii, na mimi naamini ilianzia kule kule vitani.

Januari 1916 Wajerumani wakarudishwa nyuma, Mbuyuni ikachukuliwa, na reli ikafuata mara moja. Hivi ndivyo ile vita ilivyokwenda, jeshi linasogea hatua, reli inasogea hatua, jeshi haliwezi kwenda mbali na ncha ya reli. Februari 12 mwaka huo vikosi vya Afrika Kusini vikaushambulia mlima Salaita vikapigwa vikarudi, wengi wao ndo ilikuwa vita yao ya kwanza. Wiki moja baadaye Smuts, jenerali wa Afrika Kusini, akashuka Mombasa kuchukua uongozi, na Machi akazunguka kwa upande wa ziwa Chala, Salaita ikaachwa bila mapigano makubwa, Taveta ikachukuliwa, wakapigana usiku pale vilima vya Latema na Reata, Moshi ikaingia mkononi mwao katikati ya mwezi. Smuts anasifiwa kwa huo mzunguko na sio vibaya, lakini alikuta kila kitu kimeshapangwa chini, reli iko karibu kabisa na adui, maji yapo, chakula kipo. Yote hayo yalijengwa mwaka mzima kabla hajafika, chini ya jenerali Tighe aliyemtangulia na wengine ambao majina yao hayatajwi sana siku hizi.

Na hapo ndo kazi ngumu kuliko zote ikaanza, maana masika yalifika. Kutoka Salaita kwenda mbele wahandisi walikuwa wamezoea ukavu, sasa wanakutana na bonde la Lumi, udongo mweusi unaovimba ukilowa, vinamasi, mbu. Nakuambia kama mtu aliyefanya kazi kwenye udongo ule, hauna rafiki. Kiangazi unapasuka nyufa unaweza kuingiza mkono mpaka kiwiko, masika unakuwa uji, unashindilia taruma leo kesho limezama upande mmoja, na treni ikipita njia inapumua, inashuka na kupanda unaiona kwa macho. Dawa yake ni kuinua tuta juu, kuweka mifereji mipana pande zote mbili na kokoto nyingi, na wao kokoto na muda hawakuwa navyo. Walikatakata miti wakaweka chini, walilaza wakazama wakalaza tena, watu wanaugua malaria na kuhara damu. Na bado masika yaleyale ya 1916 reli ikapita Taveta ikavuka ikaenda kuungana na reli ya Mjerumani upande wa Kahe. Kwangu mimi kile kipande ndo kazi kubwa kuliko yote iliyofanyika kwenye vita ile huku kwetu, na ningependa siku moja kiwekewe hata kibao.

Kuna bahati moja iliwasaidia. Reli ya Uganda na reli ya Usambara zote zilikuwa za upana wa mita moja. Mataifa mawili maadui, kila mmoja alijenga kivyake, lakini geji ni ileile, kwahiyo siku walipounganisha, injini ya Voi iliweza kwenda moja kwa moja kwenye reli ya Mjerumani bila kuhamisha mzigo hata kilo moja. Geji zingetofautiana, pale Kahe pangekuwa na mlima wa magunia na watu wanahamisha usiku na mchana.

Wajerumani nao walikuwa na mafundi na niseme ukweli walikuwa wajanja. Walipokuwa wanarudi nyuma kando ya Upare kuelekea Mombo na Korogwe walibomoa madaraja na kuharibu njia, na Sappers wakawa wanatengeneza nyuma ya jeshi, mpaka Tanga ikachukuliwa Julai 1916. Kutoka Mombo kwenda Handeni Wajerumani walilaza kijireli kidogo cha toroli, vireli vya mashambani vile, toroli zinasukumwa na watu, ili wasafirishe vitu kuelekea reli ya kati, ile ya Dar es Salaam kwenda Kigoma. Hakuna injini, hakuna mvuke, na ikafanya kazi. Halafu Reli ya Kati yenyewe, Waingereza walipofika Dodoma na Morogoro mwaka huohuo walikuta madaraja yamelipuliwa moja baada ya jingine. Kuyajenga upya yabebe injini ingechukua muda mrefu, kwahiyo Pioneers, askari wa ujenzi wa Afrika Kusini, wakayatengeneza yawe na nguvu ya kubeba gari dogo tu, wakachukua malori wakayavalisha magurudumu ya reli, yakawa yanavuta mzigo kati ya Dodoma na Morogoro. Hiyo naipenda sana. Hukusubiri daraja kamili, umejiuliza kitu chepesi kuliko vyote kinachoweza kupita leo ni nini, ukajenga kwa uzito huo. Mimi nimeitumia akili hiyo mvua ilipokata njia yetu na kulikuwa na kijiji mbele hakina unga, hatukungoja kreni kutoka mbali, tuliegemeza reli juu ya rundo la mataruma, tukapitisha toroli la mkono, gunia moja moja, mpaka unga ukafika.

Nikiwaza wale waliobeba, moyo unauma. Kila maili ya reli iliyolazwa iliwaondolea wapagazi maili moja, na ushahidi mbaya ni pale reli ilipoishia. Jeshi lilipoiacha reli likaenda kusini, Rufiji na kuendelea, mzigo ukarudi vichwani mwa watu, na huko wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, kwa njaa na kuhara na malaria na uchovu, wengi kuliko askari kwa mbali. Huku kwetu kuna makaburi ya vita Voi, Maktau na Taveta, yametunzwa vizuri, mawe yamepangwa, majina yamechongwa. Nimesimama pale Maktau mara nyingi, njia ilikuwa inapita karibu na kambi ya zamani, unaweza bado kuona mahandaki na mawe waliyopanga. Natafuta jina la mtu wa genge, mtu wa kubeba reli, Mtaita au Mkamba au Mnyamwezi. Hawapo kwa majina kama wanavyostahili. Wazee wetu walikuwa wanajua ni boma gani lilitoa vijana wangapi na wangapi hawakurudi, lakini hao wazee wamekwisha na mimi mwenyewe sikuandika walipokuwa hai.

Baada ya vita reli haikung'olewa. Kulikuwa na mvutano kuhusu hicho kipande cha kuunganisha, maana mzigo wa Kilimanjaro ungeweza kwenda Mombasa badala ya Tanga, lakini ikabaki, ikawa njia ya kawaida, mkonge wa Mwatate na Taveta ukapita hapo, abiria wakapita. 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mpaka ukafungwa, na njia iliyojengwa ili ivuke mpaka ikawa mkia usio na mwili. Mpaka ulifunguliwa tena 1983 lakini ile nguvu haikurudi. Mimi niliingia kazini nikikuta treni bado zinakuja Taveta, chache, na nikaondoka nikiziacha zimekwisha. Vyuma vingine vimeibiwa, vichaka vimeingia katikati, barabara ya lami imechukua kazi yote.

Miaka ya karibuni walikuja vijana wa kupima ardhi, wana mitambo yao mizuri, wakaniulizia kijijini kwasababu waliambiwa kuna mzee wa genge. Wakataka nitembee nao sehemu ya Mbuyuni kwenda Salaita. Walikuwa wanashangaa mbona mstari wa zamani unafuata mgongo wa ardhi ule mrefu badala ya kukata moja kwa moja, kwenye kompyuta yao mstari mnyoofu ulikuwa mfupi na wa bei nafuu. Nikawapeleka chini kwenye mstari wao mnyoofu, mwezi ulikuwa Februari, pakavu kabisa, nikawaonyesha takataka za mafuriko zimenasa kwenye miiba usawa wa kifua changu. Mmoja wao akatoa daftari akaanza kuniuliza sehemu moja moja, hapa maji yanapita lini, hapa yanakaa siku ngapi, na tulitembea hivyo mpaka jioni, mimi nataja, yeye anaandika.